Njia ya Paipu

Kila aliyesoma Fizikia ya Kidato cha Kwanza hapa Kenya amechora ule mchoro. Pedali upande mmoja, silinda ndogo yenye pistoni, halafu mistari miwili sambamba inayokwenda mpaka silinda nyingine, na hapo gurudumu. Ile mistari miwili ndiyo paipu ya breki. Tuliichora kwa rula. Imenyooka, haina kona, haipiti karibu na kitu chochote chenye moto au kinachozunguka. Unaeleza kwamba shinikizo linaenea sawa pande zote, unapata alama zako mbili, maisha yanasonga.

Kwenye pikipiki halisi mstari kama huo haupo. Paipu ya breki ya nyuma inaanzia kwenye masta silinda, karibu na kifundo cha mguu wa kulia. Hapo hapo inakutana na ekzosi. Kisha inavuka kiungo kinachopanda na kushuka kila tairi linapogonga shimo, na mwisho inafika kwenye kalipa ambayo nayo haitulii mahali pamoja. Kiwandani kuna mtu aliyekaa akaamua paipu ipite wapi. Lakini anayejijengea pikipiki yake, au anayetoa dramu ya nyuma aweke diski, uamuzi huo ni wake, na mchoro wa Kidato cha Kwanza haumsaidii hata kidogo.

Nimekuwa nikifuatilia uamuzi huo kwa muda, manake nimechoka kusikia ikisemwa kwamba mafundi wetu wa pikipiki "wanakoroga tu". Nilichokuta ni kwamba nguvu ya kusimamisha pikipiki ilieleweka mapema sana. Kilichosumbua watu, kizazi baada ya kizazi, ni njia: nguvu ya mguu itafikaje kwenye gurudumu linalocheza? Na wengi waliolijibu swali hilo kwa mikono yao hawamo kwenye kitabu chochote.

Tuanze na yule wa kwenye mtihani. Blaise Pascal, Mfaransa, alifariki mwaka 1662, na maandishi yake kuhusu vimiminika yakachapishwa mwaka uliofuata. Alionyesha kwamba ukikisukuma kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo, msukumo huo unafika kila upande bila kupungua. Paipu ipinde, ipande, ishuke, izunguke nguzo mara tatu, kimiminika hakijali. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alilichukua wazo hilo akapata hataza ya mashine ya kugandamiza: pistoni ndogo ikiisukuma kubwa, nguvu ya mkono mmoja inageuka kuwa nguvu ya kuponda vitu vigumu.

Kutoka hapo hadi gari la kwanza kuuzwa likiwa na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne, yaani Duesenberg Model A ya mwaka 1921, ilipita miaka 126. Sawa, gari lenyewe lilichelewa kuzaliwa. Lakini hata baada ya magari kujaa barabarani, kwa miongo kadhaa breki ziliendelea kuvutwa kwa kebo na fimbo za chuma. Mashine ya Bramah ilikuwa imesimama mahali pamoja sakafuni. Gari linatikisika, na magurudumu yake ya mbele yanageuka kushoto na kulia. Ugumu haukuwa kwenye silinda. Ulikuwa kwenye vile viungo ambapo kitu kinachocheza kinakutana na kitu kilichotulia.

Aliyeleta breki hizo sokoni ni Malcolm Loughead, Mmarekani ambaye awali alikuwa akiunda ndege California na kaka yake Allan. Watu walishindwa kulitamka jina lake, kwa hiyo breki zikauzwa kwa jina la Lockheed, na baadaye kampuni ya ndege ikafuata tahajia hiyo hiyo. Breki zake za kwanza zilizibwa kwa ngozi, na zilivuja. Wahandisi wa Chrysler ndio waliobadilisha wakaweka mpira, gari lao likatoka mwaka 1924. Ona basi: sheria ya Pascal ilikuwa na zaidi ya miaka 250, na bado kazi yote ilikuwa inaponzwa na kipande cha ngozi cha kuzibia.

Wakati huo pikipiki hazikuwa na haja ya mafuta. Pikipiki ilitokana na baiskeli, na kwa miongo yake ya mwanzo nyingi zilikuwa na gurudumu la nyuma lililofungwa moja kwa moja kwenye fremu, bila shokomzoba. Breki ya nyuma ndiyo iliyokuwa breki. Harley-Davidson, kwa mfano, hazikuwa na breki ya mbele mpaka matoleo ya mwaka 1928. Kati ya mguu na gurudumu la nyuma umbali haukuwahi kubadilika, si kwenye tope, si kwenye mawe. Umbali usipobadilika, huhitaji mpira wala mafuta. Unahitaji rodi, yaani fimbo ya chuma, nati upande mmoja na pedali upande wa pili. Ikilegea, unakaza nati kwa vidole. Rodi ilikuwa jibu sahihi kabisa.

Kilichoibomoa hesabu hiyo ni starehe. Waendeshaji walitaka tairi la nyuma lifuate barabara bila kuwavunja mgongo. Watu walijaribu mambo mengi, ila umbo tunaloliona leo kila mahali, mkono wa chuma uliobanwa kwa mbele na kushika tairi kwa nyuma, ukipanda na kushuka juu ya shokomzoba mbili, lilipata heshima yake mwaka 1950. Mwaka huo Norton ilipeleka kwenye mashindano ya Isle of Man pikipiki zenye fremu iliyokuja kuitwa Featherbed, yaani kitanda cha manyoya. Geoff Duke akashinda mbio kubwa za Senior akiwa juu yake. Aliyeibuni fremu hiyo ni Rex McCandless wa Belfast, fundi aliyejifunza mwenyewe, hakuwa na digrii ya uhandisi. Mimi niliyeacha chuo nikiwa katikati ya safari niliposoma hilo nilitabasamu, sitadanganya. Lakini McCandless alikuwa na bahati moja: kampuni kubwa ilinunua kazi yake na jina lake likabaki.

Mkono huo, ambao mafundi wetu wanauita swingamu, ndio ulioleta shida ya njia kwenye pikipiki. Sasa mguu uko kwenye fremu na breki iko kwenye mkono unaocheza. Chukua rodi iliyofungwa kwenye pedali mbele na kwenye dramu nyuma. Swingamu ikipanda, ncha ya nyuma ya rodi inachora duara lake, ncha ya mbele iko palepale. Pedali isipokaa karibu na pivoti ya swingamu, umbali unarefuka au unafupika kila unapogonga tuta. Pedali inalegea yenyewe, au breki inajivuta yenyewe. Kwa hiyo hata kabla ya mafuta kuingia, mafundi walikuwa tayari wamejifunza jambo moja: kila kitu kinachovuka kwenda nyuma kipite karibu na pivoti.

Mwaka 1958 Harley-Davidson walitoa pikipiki waliyoiita Duo-Glide. Wapenzi wa pikipiki wanaikumbuka kwa sababu ndiyo Harley kubwa ya kwanza kuwa na swingamu na shokomzoba nyuma. Kuna jambo la pili ambalo halitajwi sana: toleo hilo hilo ndilo lililopata breki ya nyuma ya mafuta. Mimi sioni kama ni sadfa. Mara tu gurudumu la nyuma lilipoachiwa licheze, paipu yenye mafuta ikawa na kazi ambayo rodi inaifanya kwa taabu. Mpira unapinda. Kimiminika hakijali. Mwishowe Pascal akapata kazi kwenye pikipiki, karibu miaka mia tatu baada ya kuzikwa.

Miaka kumi na moja baadaye, 1969, kukatokea pikipiki mbili ambazo kila mtu anayependa mashine hizi anazijua.

Ya kwanza ni Honda CB750. Ilikuwa pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na diski ya mafuta mbele. Diski zenyewe hazikuwa ngeni. Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski Uingereza mwaka 1902, na Jaguar walishinda mbio za Le Mans mwaka 1953 wakitumia diski za Dunlop. Honda alichofanya ni kuishusha teknolojia hiyo mpaka kwa mnunuzi wa kawaida. Lakini angalia nyuma ya CB750. Dramu, na rodi. Mashine ya kisasa kuliko zote mbele, na nyuma bado ni jibu la babu zetu. Ilibidi kungoja katikati ya miaka ya 1970 ndipo diski ya nyuma ionekane kwenye pikipiki kubwa za kuuzwa, kama Honda Gold Wing na Norton Commando Mark III ya 1975.

Ya pili haikutoka kiwandani. Ni ile yenye tangi la rangi za bendera ya Marekani kwenye filamu ya Easy Rider, pikipiki iliyopewa jina la Captain America. Fomu ya mbele imerefushwa, fremu ya nyuma imekazwa bila shokomzoba, na breki ya mbele hakuna kabisa. Ulikuwa mtindo wa wakati ule California: ondoa kila kinachochafua mwonekano, na breki ya mbele pamoja na kebo yake vilihesabiwa uchafu. Kusimama kote kukaachiwa mguu wa kulia na gurudumu la nyuma.

Pikipiki hiyo pengine ndiyo iliyopigwa picha kuliko pikipiki yoyote iliyojengwa kwa mkono duniani. Waliohusika kuijenga ni wanaume wawili Weusi wa Los Angeles: Cliff Vaughs, aliyekuwa mwanaharakati wa SNCC katika harakati za haki za kiraia, na Ben Hardy, fundi mwenye karakana yake kusini mwa jiji. Majina yao hayakuwekwa kwenye orodha ya waliotengeneza filamu. Miongo ikapita, watu wakinunua mabango ya pikipiki ile na kuibandika ukutani, wasijue nani aliikata fremu na nani aliichomelea. Hardy alifariki miaka ya 1990. Mwaka 2014 pikipiki iliyodaiwa kuwa ndiyo ile yenyewe iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.35, na ubishi ukazuka kama ni ya kweli au la. Kazi ya fundi ilikuwa na thamani ya mamilioni. Jina lake lilikuwa bado linahitaji kuelezwa.

Tukio lingine la miaka hiyo linaonyesha kwa nini njia ya paipu ni uhuru na pia ni mtihani. Hadi miaka ya 1970 pikipiki za Kiingereza zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Mwaka 1974 sheria ya Marekani ikaamuru kwamba gia iwe kushoto na breki iwe kulia. Marekani ndiko pesa ilikokuwa, kwa hiyo viwanda vililazimika kufuata. Kwa wenye rodi ilikuwa balaa. Dramu iko upande mmoja na pedali imehamishiwa upande mwingine, na chuma hakipindi. Ikabidi kuunda mihimili ya kuvuka fremu kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa mwenye paipu, kuvuka ni kuvuka tu. Mafuta hayana kushoto wala kulia. Lakini sasa unayo paipu inayokatiza chini ya kiti au nyuma ya injini, katikati ya moto, cheni na tairi, na kila sentimita yake lazima mtu aifikirie.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu huku rodi haikufa.

Boda boda ilianza Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Kati ya kituo cha upande huu na cha upande ule kulikuwa na mwendo, na vijana wenye baiskeli wakawavusha watu na mizigo "boda kwa boda". Baiskeli iliyotawala kazi ya kubeba katika nchi hii ni ile nyeusi, nzito, tunayoiita Black Mamba. Mtazame mzee yeyote kule mashambani ambaye bado anayo: breki zake ni za rodi, vyuma vyembamba vinavyoshuka kutoka kwenye usukani mpaka kwenye rimu. Halafu mwaka 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc, bei ikashuka, na ndani ya miaka michache Black Mamba ikaachia stendi pikipiki za kutoka India na Uchina. Injini ikaja. Kiti kirefu kikaja. Kwa nyuma, nyingi zilikuja na kitu ambacho mwenye baiskeli alikuwa tayari anakifahamu: rodi, na nati ya kukaza kwa vidole.

Sisemi hivyo kuidharau rodi. Ikilegea ukiwa Kangundo Road saa tano usiku, unashuka, unazungusha nati, unaendelea. Huhitaji mafuta maalum wala mtu wa kublidi. Lakini hesabu ya breki inabadilika ukibeba watu. Vitabu vya pikipiki vinasema breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu ukisimama ghafla uzito unakimbilia mbele na tairi la nyuma linakuwa jepesi. Ni kweli, kama uko peke yako. Ukimpakia mama na watoto wawili, au magunia mawili ya viazi, uzito umelala juu ya tairi la nyuma. Hapo tairi la nyuma linashika barabara vizuri zaidi, na breki yake ina kazi kubwa kuliko ilivyo kwenye kitabu. Juu ya hayo, dramu iliyopata moto kwenye mteremko mrefu inaanza kupoteza nguvu. Mwendeshaji anakanyaga, rodi inavuta, na pikipiki haisikii.

India yenyewe, nchi ambako nyingi za pikipiki hizi zinatoka, tangu Aprili 2019 inalazimisha kila pikipiki mpya inayozidi 125cc kuwa na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge breki ikikanyagwa kwa nguvu. Zinazobeba abiria kwenye stendi zetu bado kwa wingi zina dramu na rodi nyuma. Kwa hiyo anayetaka diski anaenda kwa fundi.

Binamu yangu anapeleka chakula kwa wateja, mvua ikinyesha ndiyo oda zinaongezeka, na alitaka diski nyuma. Tulipata gurudumu, kalipa na masta silinda za pikipiki iliyogongwa, vyote pale Kirinyaga Road, barabara ambayo watu bado wanaiita Grogan ingawa jina lilibadilishwa zamani. Tukazipeleka kwa fundi mmoja Kariobangi Light Industries. Nilikaa naye siku mbili. Kuchomelea kishikio cha kalipa kulimchukua asubuhi moja. Paipu ilimchukua siku iliyobaki na nusu ya siku ya pili.

Kwanza alikataa kuikata wala kuifunga popote. Alifungua shokomzoba zote mbili, swingamu ikabaki inaning'inia huru. Akaunganisha paipu mbele na nyuma kwa bolti bila kukaza, halafu akamwambia mvulana anayemsaidia apandishe tairi mpaka liguse bodi, kisha alishushe mpaka chini kabisa. Pole pole. Yeye alikuwa amechuchumaa, anaangalia mpira tu.

"Boss, ungeipitisha tu huku juu, iwe fupi," binamu yangu akasema.

"Fupi ya nini? Ukibeba mtu mzito itavutika." Hakuinua macho. "Buda, paipu haiendi penye wewe unataka. Inaenda penye mkono unaenda."

Akaisogeza mpaka ikapita kando kabisa ya pivoti. Hesabu yake ni rahisi ukiiandika. Tuseme swingamu ina urefu wa milimita 500, na tairi linapanda milimita 100. Mahali palipo milimita 50 kutoka kwenye pivoti panapanda milimita 10 tu. Paipu ikivukia hapo inapinda kidogo na haivutwi. Ukiivushia mbali, katikati ya mkono, inavutwa na kuachiwa mara maelfu kwa siku. Yeye hakutaja milimita hata moja. Alisema, "Hapo kwa pivoti ndiyo kwa mama. Kila kitu kinatulia hapo." Ni jambo lile lile walilolijua waliokuwa wakifunga rodi miaka ya 1950.

Kisha akarudisha ekseli nyuma mpaka mwisho wa nafasi ya kukazia cheni. Cheni ikirefuka unalivuta gurudumu nyuma, na kalipa inakwenda nalo. Paipu iliyopimwa cheni ikiwa mpya itakuwa fupi miezi sita baadaye. Kisha akaipima na ekzosi kwa vidole vyake, vidole vinne vya nafasi, hakukubali vitatu. Hapo nilimuuliza kama si mpira tu utayeyuka. Akanijibu kwamba mpira ndio mwisho, mafuta ndiyo yanaanza. Na ni kweli kwa namba. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Lakini yanafyonza unyevu kutoka hewani, na yakishafyonza kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 155. Bomba la ekzosi linafika mamia ya nyuzi. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminika, unagandamizika. Pedali inazama mpaka chini na pikipiki inaendelea kwenda.

Mwisho akaangalia kama kuna mahali paipu inapanda juu kisha inashuka tena, kama tuta. Hewa inapanda. Ikipata tuta inajificha hapo, na unaweza kublidi mpaka jioni bila pedali kuwa ngumu. Ndiyo maana alihakikisha nipo ya kublidi imekaa sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Akaweka washa mpya za shaba, moja kila upande wa kichwa cha paipu. Akakaza. Na kabla ya kurudisha shokomzoba akarudia lile zoezi la kupandisha na kushusha tairi, sasa kila kitu kikiwa kimefungwa.

Kuhusu kishikio cha kalipa alisema jambo ambalo sijalisahau. Kile chuma kinachoizuia kalipa isizunguke na gurudumu kikikatika, kalipa inazunguka, inaing'oa paipu, na unabaki bila breki ukiwa na kasi. "Kwa hivyo hii welding," akaigonga kwa spana, "ndiyo maisha ya huyu kijana." Binamu yangu alinyamaza.

Nilimwambia nataka kuandika kazi yake na jina lake. Alicheka.

"Andika kazi. Jina wacha. Watu wa ushuru wakisoma?"

Nimeheshimu. Lakini naliona tatizo lilipo. Ben Hardy hakuandikwa kwa sababu wenye filamu hawakuona haja. Fundi wa Kariobangi haandikwi kwa sababu kuandikwa kwenyewe ni hatari kwake. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoipa dunia msamiati wa "sekta isiyo rasmi", na nusu karne baadaye bado tunaliishi jina hilo. Isiyo rasmi maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na kanuni kali kuliko za chuo, akazifundisha kwa mvulana mmoja baada ya mwingine kwa miaka ishirini, na siku akifunga kibanda zinakwenda naye. Halafu fundi mwingine, ambaye hakupata wa kumfundisha, anaipitisha paipu juu ya ekzosi kwa sababu ndiyo njia fupi. Huyo naye ana wateja. Wateja wake wana abiria.

Wanaosema mafundi wanakoroga wamewaona hao wa pili, na wako sahihi kuwaogopa. Wanachokosea ni kudhani dawa ni kuwaleta watu wa Pascal waje kuwafundisha. Pascal hakuwahi kuulizwa paipu ipite wapi. Kwake njia haikuwa na maana, na hapo ndipo uzuri wa sheria yake ulipo. Wanaojua njia ni wale waliochuchumaa kando ya swingamu, kutoka Belfast hadi Los Angeles hadi Kariobangi, na maarifa yao yanafanana bila wao kukutana kamwe.

Basi niandike kazi, kama nilivyoruhusiwa. Toa shokomzoba upime tairi likiwa juu kabisa na chini kabisa. Vuka karibu na pivoti. Pima ekseli ikiwa mwisho wa nyuma. Vidole vinne kutoka kwenye ekzosi. Paipu isipande ikashuka tena, na nipo ya kublidi ikae juu. Washa mpya za shaba kila paipu inapofunguliwa. Kishikio cha kalipa kichomelewe na mtu unayeweza kumkabidhi roho yako. Halafu ukiwa umemaliza, mwite mtu mzito akae nyuma, na uangalie tena.